Nimesimamishwa mara mbili na lori la mafuta, na tajiri amenikata mshahara

Ndugu Mshauri,

Natumaini hujambo. Mimi ni dereva wa malori, mkazi wa Mbeya, nina umri wa miaka 38. Kwa miaka 9 nimebeba saruji na unga kati ya Dar es Salaam na mikoa ya Nyanda za Juu Kusini bila kupata matatizo makubwa barabarani. Miezi 4 iliyopita tajiri wangu alinunua lori la mafuta lililokwisha kutumika, akanihamishia huko, na tangu siku hiyo najiona kama mtu anayeanza kazi upya.

Mwezi uliopita nilipakia dizeli tangi zima. Nilipovuka Iringa nilisimamishwa kwenye ukaguzi, na afisa mmoja akaniomba nimwonyeshe ninavyochomoa mtungi wa kuzimia moto. Mtungi ule ulikuwa umefungwa ubavuni mwa tela kwa waya wa kujengea ili usiibwe, hivyo nilihangaika nao kwa plaizi kwa dakika kadhaa, na ulipotoka sindano yake ilikuwa imelala kwenye rangi nyekundu. Kisha aliniuliza nimebeba nini. Nilipomjibu kwamba ni dizeli, alinipeleka nyuma ya tela akanionyesha bamba lililoandikwa 33 juu na 1203 chini, akasema hilo ni bamba la petroli. Nililala pale hadi siku ya pili, na faini ikaandikwa.

Siku 9 baadaye nilikuwa nimeshusha petroli na ninarudi Dar es Salaam gari likiwa tupu. Kwa kuogopa yaliyonikuta, niliyafunika mabamba yote kwa vipande vya kiroba, nikiamini kwamba gari lisilo na mzigo halina sababu ya kutangaza hatari. Nilisimamishwa tena, nikaambiwa hilo ni kosa, na nikakemewa pia kwa sababu utingo wangu alikuwa na jiko la mkaa na madumu mawili matupu kwenye sanduku la vifaa.

Tajiri amenikata karibu nusu ya mshahara wa mwezi akisema hasara ni ya dereva. Wenzangu wananishauri niwe nachomeka noti katikati ya nyaraka nisisumbuke. Mke wangu ananiomba nirudi kwenye saruji. Naomba unieleze: nijiandae vipi kwa ukaguzi? Je, ni kweli kwamba gari tupu linahitaji mabamba, au nilionewa? Na nani anapaswa kubeba gharama hizi?

Wako,
Dereva, Mbeya

JIBU

Ndugu yangu dereva,

Hukuonewa. Maafisa waliokusimamisha walikuwa sahihi mara zote mbili, ingawa sehemu kubwa ya makosa waliyoyakuta ilianzia getini, mikononi mwa watu wengine, kabla wewe hujawasha gari. Nimekagua malori kwenye geti la depo ya mafuta kwa miaka mingi, na nilichokiona ni kwamba dereva anayepita salama barabarani ni yule aliyejikagua mwenyewe kabla ya kupakia, wakati bado ana nafasi ya kusema, "Gari hili haliondoki." Ukishafika kwenye kizuizi ukiwa na mtungi mbovu, huna maandalizi yaliyobaki isipokuwa maelezo.

Nianze na mabamba, kwa kuwa ndiyo yaliyokukamatisha mara mbili. Namba ya chini yenye tarakimu nne ni utambulisho wa bidhaa katika orodha ya Umoja wa Mataifa: 1203 ni petroli, 1202 ni dizeli, 1223 ni mafuta ya taa. Namba ya juu inaeleza aina ya hatari. Tarakimu 3 ni kimiminika kinachowaka, na inapoandikwa mara mbili maana yake hatari hiyo ni kubwa zaidi; ndiyo sababu petroli huandikwa 33 na dizeli huandikwa 30. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa, kwa kuwa petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi kali kuliko yoyote utakayokutana nayo Makambako mwezi wa Julai, wakati dizeli huhitaji kupata joto la nyuzi 55 hivi au zaidi ndipo mvuke wake ushike. Mtu wa zimamoto anayefika kwenye ajali usiku, dereva akiwa hana fahamu, hana nyaraka mkononi. Ana tochi na bamba lako, na kwa bamba hilo ataamua watu wasogezwe umbali gani na kazi ianzie wapi. Ukimdanganya kwa kuzidisha utamchelewesha, na ukimdanganya kwa kupunguza unaweza kumuua.

Nachukulia kwamba lori lako limepakwa namba kwa rangi, na kwamba aliyelimiliki kwanza alikuwa akibeba petroli tu. Mwambie tajiri anunue mabamba ya chuma yanayobadilishwa, au yale yenye kurasa zinazogeuzwa, kisha uweke namba ya kile unachopakia siku hiyo. Ikiwa tangi lina vyumba kadhaa na umepakia petroli katika baadhi na dizeli katika vingine, utaratibu wa kimataifa unaruhusu bamba la mbele na la nyuma lionyeshe bidhaa ile yenye hatari kubwa zaidi, yaani 33 juu ya 1203. Safari yako ya Iringa haikuwa hivyo, kwa kuwa ulibeba dizeli peke yake na nyaraka zako zilisema dizeli. Afisa anapoona nyaraka zinasema hivi na gari linasema vile, ana haki ya kujiuliza ni kipi cha kuamini, na pengine kujiuliza kama mafuta yamebadilishwa njiani.

Sasa kuhusu gari tupu, na hapa ninakuomba usome polepole, kwa sababu imani uliyokuwa nayo imezika watu. Tangi lililoshushwa petroli halijawa tupu. Kimiminika kimetoka, mvuke umebaki, na hewa imeingia kujaza nafasi. Petroli huwaka pale tu mvuke wake unapochanganyika na hewa kwa kiasi cha kati ya asilimia 1 na 8 hivi. Ndani ya tangi lililojaa, mvuke ni mzito mno na hewa ni haba, lakini ndani ya tangi lililomwagwa, mchanganyiko huo hupatikana kwa urahisi, na cheche moja inatosha. Mafundi wa kuchomelea wamekufa wakiziba tundu dogo kwenye matangi ambayo wenyewe walisema ni matupu. Kwa hiyo mabamba hubaki yameonyeshwa, yakiwa na namba ya bidhaa ya mwisho, hadi tangi lioshwe na mvuke uondolewe na wenye utaalamu huo, nawe upewe uthibitisho wa maandishi. Kiroba ulichofunikia kilimwambia kila aliyekupita kwamba anaweza kuegesha jiko karibu nawe.

Na jiko lenyewe lilikuwemo. Ninajua maisha ya barabarani yalivyo na ninajua ugali wa hotelini unavyomaliza posho, lakini mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Hauruki juu kupotea, hutambaa chini na kutuama kwenye mashimo, mitaroni na ndani ya masanduku ya tela, mahali pale pale utingo wako alipohifadhi jiko la mkaa. Mpike mbali na gari, au mle kwenye vituo, na jiko lisipande tena kwenye lori hilo. Madumu nayo yashushwe leo. Dumu tupu kwenye lori la mafuta husomeka kwa namna moja tu, kwamba mafuta hunyonywa njiani, na ukiwa unabeba mafuta ya nchi jirani tuhuma huwa nzito zaidi, kwa sababu mafuta ya soko la ndani huwekewa vinasaba, yaani kemikali ya kuyatambulisha, na yale yanayopita kwenda nje hayawekewi, hivyo yakiuzwa hapa hugundulika kwa kipimo. Lakiri, yaani sili zilizowekwa depo, zikaguliwe namba moja baada ya nyingine dhidi ya hati ya mzigo kabla hujaondoka. Namba moja ikikosewa na karani, wewe ndiye utakayelala mpakani.

Kuhusu mtungi wa kuzimia moto, swali la afisa lilikuwa zuri kuliko ulivyolichukulia. Hakutaka kuuona tu, alitaka kujua kama utaufikia. Moto wa tairi au wa breki zilizoshika kwenye mteremko wa Kitonga unaweza kuzimwa na mtu mmoja katika dakika ya kwanza, na katika dakika ya tano unaweza kuwa umelifikia tangi. Kiwango cha kimataifa kwa lori lenye uzito unaozidi tani 7.5 ni unga usiopungua kilo 12 kwa jumla, na walau mtungi mmoja uwe wa kilo 6. Wasafirishaji wengi wa kwetu hufunga miwili ya kilo 9, mmoja kila upande, na huo ni utaratibu bora kwa sababu hujui moto utaanzia upande gani. Kila asubuhi angalia sindano iwe kwenye kijani, pini iwepo na lakiri yake haijakatika, mpira wa kutolea unga haujapasuka, na lebo ya ukaguzi haijapitwa na tarehe. Kisha fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: utoe mtungi, uupindue kichwa chini, na usikilize. Barabara mbovu hushindilia unga chini kama saruji iliyopata unyevu, na mtungi wa namna hiyo huweza kuonyesha kijani kisha siku ya haja ukatoa hewa peke yake. Unga ukiwa mzima utauhisi ukiteremka mkononi mwako.

Vifaa vingine sitavirefusha, kwa kuwa dereva wa miaka 9 anavijua: pembetatu za kuakisi mwanga, kabari za magurudumu, koleo na ndoo ya mchanga, sanduku la huduma ya kwanza, vizibao vya kuakisi mwanga vya kwako na vya utingo, matairi yasiyo vipara, taa zote zikiwaka. Ongeza viwili ambavyo kwenye saruji hukuvihitaji, yaani swichi kuu ya kukata umeme wa betri, ambayo nawe na utingo mnapaswa kuijua hata gizani, na vali ya dharura inayofunga chini ya tangi, ambayo lazima ijaribiwe kabla ya kupakia.

Mizani nayo itakushangaza kwa namna mpya. Mfuko wa saruji una kilo 50 popote uendapo, lakini lita hazina uzito mmoja. Lita 40,000 za petroli zina uzito wa tani 29.6 hivi, na lita hizo hizo za dizeli hufika tani 33.6. Tangi lile lile lililopita mizani ya Vigwaza juzi likiwa na petroli linaweza kukataliwa leo likiwa na dizeli, na hakuna aliyekuibia wala kukuongezea. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya udhibiti wa uzito wa magari inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima lenye ekseli 7, na kila kundi la ekseli lina kikomo chake. Piga hesabu hiyo depo, kabla ya kupakia, kwa kutumia uzito wa gari lako tupu. Ukishusha kwa wateja wawili njiani, fikiria pia ni chumba kipi unakianza, kwa sababu ukimaliza vya nyuma vyote huku vya mbele vimejaa, ekseli za kichwa zinaweza kuzidiwa hata kama jumla ya gari imepungua. Na ukiingia depo kupakia dizeli baada ya kubeba petroli, mwambie mpakiaji bila kuulizwa, kwa kuwa mvuke uliobaki ukikutana na umeme tuli unaotokana na mafuta yanayoingia kwa kasi ni hatari inayojulikana, na atapakia taratibu zaidi.

Nyaraka zipange kwenye jalada moja, kwa mpangilio ule ule kila safari: leseni yako na cheti cha mafunzo ya kubeba bidhaa hatari, kadi ya gari na bima, kibali cha gari kubeba mafuta, cheti cha tangi, hati ya mzigo, halafu kadi ya maelekezo ya dharura. Hiyo ya mwisho isikae chini ya godoro. Ikae mlangoni, ambapo mtu mwingine anaweza kuiona wewe ukiwa huwezi kusema. Nayo iwe katika lugha unayoisoma. Nimekuta madereva wengi waliopewa kurasa nne za Kiingereza ambazo hawajawahi kuzisoma, na afisa akiuliza, "Mafuta yakimwagika utafanya nini?" wanamkabidhi karatasi. Utaratibu wa kimataifa unataka maelekezo hayo yawe katika lugha ambayo dereva na wasaidizi wake wanaielewa, hivyo dai nakala ya Kiswahili, isome na utingo wako, na muulizane maswali mkiwa njiani. Jibu lenyewe mlijue kwa moyo: zima injini, kata umeme wa betri, hakuna moto wala simu karibu, zuia mafuta yasiingie mtaroni ikiwa inawezekana bila kujihatarisha, watu wakae mbali, tena upande ule unakotoka upepo, piga 114 kwa zimamoto na 112 kwa polisi.

Hilo la watu kukaa mbali ndilo linaloninyima usingizi. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori la petroli lilipinduka, watu wakakimbilia na madumu kuchota, na moto ulipolipuka walikufa zaidi ya 100. Miaka kumi kabla yake, mwezi Januari 2009, jambo lile lile lilikuwa limetokea Sachangwan nchini Kenya, na huko pia waliokufa walizidi 100. Njia yako inapita Morogoro. Umati ukianza kukusanyika, kazi yako ya kwanza si kulinda mafuta ya tajiri bali kuwaambia watu kwa sauti kwamba ni petroli na kwamba itawaka.

Siku ukisimamishwa, toka barabarani kabisa, zima injini, weka kabari, shuka na jalada mkononi na umsalimu afisa kama unavyomsalimu mtu yeyote wa heshima. Mwonyeshe gari kwa utaratibu wako mwenyewe, kuanzia bamba la mbele ukizunguka hadi ulipoanzia. Afisa anayeona dereva analijua gari lake huwa hana haja ya kutafuta. Kuna ombi moja tu ambalo ninakuruhusu ulikatae, nalo ni kufungua vifuniko vya juu vya tangi pembeni mwa barabara, hasa usiku huku watu wameshika simu na tochi za kawaida. Sema kwa upole, "Afande, hilo lifanyike depo au kituoni mbele ya wataalamu, kwa usalama wako na wangu," na uombe amri hiyo iandikwe ikiwa ataisisitiza.

Noti katikati ya nyaraka, sitakushauri kamwe. Ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kwa anayetoa na kwa anayepokea, na kwa lori la mafuta ina ubaya wa ziada, kwa kuwa inanunua ruhusa ya kuendelea kutembea na mtungi usiofanya kazi. Kosa likiwepo, omba uandikiwe na upewe namba ya malipo ya serikali, kisha ulipe kwa benki au simu. Anayekuomba kitu nje ya hapo, namba ya TAKUKURU ni 113.

Tajiri wako amekosea. Kununua mtungi, kubadilisha bamba na kuleta kadi ya dharura ni wajibu wa mwenye gari; wajibu wako ni kukagua, kutoa taarifa na kutoondoka penye kasoro. Kufunika mabamba kulikuwa uamuzi wako, na katika kosa hilo la pili sioni aibu kukwambia kwamba una sehemu yako ndani yake. Hata hivyo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa hasara bila ridhaa yako ya maandishi, tena baada ya kukueleza kwa maandishi sababu na kiasi, na kukupa nafasi ya kupinga. Na makato ya aina hiyo hayapaswi kuzidi robo ya mshahara wa fedha. Yeye amekata karibu nusu. Mwandikie barua fupi yenye staha ukitaja hayo, ubaki na nakala, na akikaa kimya peleka suala hilo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi bila kuchelewa, kwa sababu malalamiko yana muda wake wa kufunguliwa. Kuanzia sasa kila kasoro unayoiona getini ipige picha na uitume kwa msimamizi kabla ya kuondoka, ili tarehe na saa zibaki kwenye simu zenu wote wawili.

Mke wako mwambie kwamba ombi lake nimelisoma na ninalielewa. Tajiri akikataa kununua mtungi na mabamba baada ya kupata barua yako, basi rudi kwenye saruji, na mimi nitakuunga mkono. Akikubali, kata ule waya leo kabla ya kupakia, mtungi uwekwe kwenye sanduku lenye mlango, na mlango ufungwe kwa lakiri ya plastiki inayokatika kwa kuvutwa na mkono mmoja. Ukikuta asubuhi imekatika utajua mtu ameugusa, na wewe ukiuhitaji hutatafuta plaizi.